Kidonge cha Mwikwabe

Mwikwabe alipopooza upande wa kulia kule Butiama, dada yake Jenoveva aliacha biashara yake ya dagaa katika soko la Mwigobero akaenda kumlisha uji na kumfundisha upya kutamka majina ya wanawe. Hospitali ilimwandikia mgonjwa aspirini ndogo ya kila siku, damu isigande tena. Jenoveva naye, kwa hofu ya kiharusi, akawa ananunua hiyohiyo dukani na kuimeza kila asubuhi.

Miaka ikapita, naye akarudi kwenye dagaa wake. Mwaka huu nguvu zikaanza kumwisha, choo kikawa cheusi kama lami. Siku alipoanguka juu ya dagaa alioanika, binti yake Happyness akamkimbiza hospitali, akaongezewa damu.

Alipopata nafuu, madaktari wawili walifika kitandani kwake.

"Mama, nani alikuandikia aspirini?" aliuliza Daktari Yunis.

"Hakuna. Namezaga tu, kama kaka yangu."

"Kaka yako alishapata kiharusi, kwake inafaa. Wewe hujawahi. Kwako hatari ya kuvuja damu inazidi faida."

Daktari Abraham, mwenye mvi, hakukubali upesi. "Ana presha, na ndugu yake amepooza. Watu kama huyu tumewapa miaka mingi. Wataalamu bado wanabishana."

"Wabishane, mzee. Lakini huyu tumbo limeshavuja."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Hapo umenishinda. Aache. Tumtibu presha."

Jenoveva aliduwaa. Hakujua kama wasomi nao hubishana hivyo mbele ya mgonjwa, kisha mkubwa akamkubali mdogo bila kununa.

Wakampima moyo kwa mashine. Daktari Yunis akamgeuzia kioo cha mashine, Jenoveva akaona kitu kikijikunja na kujikunjua, na milango midogo ikifunguka na kufungika.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo moyo wako, mama."

Ulikuwa ukifanya kazi hiyo alipokuwa amelala, alipogombana na wanunuzi, alipomzaa Happyness. Wala hakuwahi kuutuma. Machozi yakamtoka.

Alipopona akaenda Butiama kumsimulia kaka yake. Mwikwabe akashtuka, akataka kutupa vidonge vyake.

"Thubutu!" Jenoveva alimdaka mkono. "Daktari kasema wewe umeze. Kwako ni dawa. Mimi ndiyo kilitaka kuniua."

"Kidonge kilekile?"

"Kilekile."

Wakakitazama wote wawili, kidogo kama punje ya mtama, kwenye kiganja cha Mwikwabe. Kisha akakimeza kwa maji, taratibu, na dada yake akimtazama.