Chanjo ya Kideri Niliyoichora

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuchora protini kwenye kompyuta. Asubuhi natoka nyumbani kwangu Bigwa, nafika maabara, nakaa mpaka mgongo unauma. Ninachochora ni kipande cha virusi vya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku vijijini. Chanjo yake ipo, ila kinga yake hufifia mapema. Nilitaka yenye nguvu zaidi. Nikapachika vipande vingi vya namna hiyo juu ya protini nyingine ya mviringo, vikachomoza kama miiba ya fenesi, ili mwili wa kuku ukikutana nayo ushtuke na kutengeneza kingamwili za kutosha.

Toleo la kwanza liliganda kwenye kitako cha chupa kama maziwa yaliyoharibika. La pili lilitoka safi. Tukachanja kuku, tukasubiri. Tulipopima damu, kingamwili zilikuwa chache mno. Mwenzangu, mwanamke aliyenitangulia kazini, aliyatazama majibu.

"Rudia," akasema.

"Nimesharudia, dada."

"Basi nenda nyumbani ukalale."

Sikulala. Nilipanda mlimani kwa mama, anakolima karoti na kabichi karibu na misheni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anafukia kuku. Kideri kilikuwa kimepita. Bandani alibaki jogoo mmoja tu, shingo imepinda, anazunguka palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?" Akaegemea jembe. "Hiyo dawa yako imefikia wapi?"

"Bado."

"Hata mwaka jana ulisema bado."

"Najua, mama. Hukuwapa ile chanjo ya kawaida, ya matone ya jicho?"

"Niliwapa mara moja. Aliyekuwa anatuletea hakurudi tena."

Nikampokea jembe, nikamalizia kufukia. Jioni tulikula ugali na mchicha. Hakuniuliza tena habari za dawa, na kule kutouliza kuliniuma kuliko maswali yake.

Niliporudi kazini nilishughulikia kiungo kinachoshikiza kile kipande kwenye ile protini ya mviringo. Nilihisi ni kifupi, kipande kinalala badala ya kusimama, na mwili wa kuku haukioni vizuri. Nikakirefusha kile kiungo. Tukazalisha upya, tukachanja kuku wengine, na kusubiri kukaanza tena. Wakati huo nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuomba hata ifanikiwe. Niliomba iishe.

Safari hii kingamwili zilipanda, zikaipita chanjo ya kawaida. Tulipowaambukiza kuku hao kideri kwenye chumba kilichotengwa, wengi walibaki wanadonoa chakula kama kawaida. Mwenzangu alipiga vigelegele. Mimi niliketi kwenye stuli, nikalia, na sidhani ilikuwa furaha.

Nikampigia mama.

"Mama, imekubali."

"Tumshukuru Mungu! Unaileta lini?"

Nikamweleza kwamba lazima tuijaribu kwa kuku wengi zaidi, kisha vibali, kisha apatikane wa kuitengeneza kiwandani.

"Haya," akasema. "Mimi kwa sasa nitafuga bata."

Nilicheka peke yangu pale koridoni, kicheko cha mtu aliyeishiwa nguvu, kisha nikavaa koti langu na kwenda kuwapa kuku maji.