Mtani Wangu Hakukimbia

Asubuhi ile nilikuwa napalilia vitunguu. Nilikuwa nimevipanda nyuma ya handaki letu, maana mtu wa Ruaha Mbuyuni hata umpeleke Kongo atatafuta pa kupanda kitunguu. Koplo Mbano alikuwa amekaa juu ya magunia ya mchanga, anasafisha bunduki yake ya rashasha na kunisimanga. Aliwauliza wenzetu kama mbwa wa kijijini wametimia, kwa sababu Mhehe mla mbwa ameamka mapema.

Mbano alikuwa Mngoni aliyezaliwa Uyole, Mbeya. Mimi ni Mhehe. Babu zetu walipigana zamani mpaka wakachoka, wakatuachia utani: haki ya kutukanana bila kununiana, na wajibu wa kuzikana kwa mizaha. Tangu siku ya kwanza kambini aliniita mke wake, mimi koplo mwenzake na muuguzi wa platuni. Nilimjibu kwamba mahari ya Mhehe hailipwi kwa panya, kitoweo cha Wangoni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumbani wananijua, lakini yule bwana hakuwahi kunikasirisha.

Tulikuwa Kongo kulinda amani, na kazi yetu pale ilikuwa kulinda daraja la mbao. Ng'ambo yake kulikuwa na kijiji, upande wetu kulikuwa na barabara ya kwenda mjini. Waasi walikuwa milimani nyuma ya kijiji. Luteni wetu alishatuambia wazi kwamba wakishuka, hakuna kuondoka mpaka raia wote wavuke.

Walishuka siku ile ile mchana kweupe, siku ya gulio.

Kwanza tulisikia milio, kisha tukaona watu. Kina mama wenye watoto mgongoni, wazee, mbuzi, magodoro kichwani, wote wanakimbilia daraja lililotosha mkokoteni mmoja tu. Wao wakija, sisi tukapenya katikati yao kwenda ng'ambo. Tukalala nyuma ya tuta, kati ya watu wale na waasi.

Mbano akaanza kufyatua rashasha.

Risasi zilikata majani ya migomba juu yetu.

Nilitambaa.

Nilifunga mkono wa askari mmoja, paja la mwingine, nikawavuta hadi darajani, raia wakanisaidia kuwabeba. Niliogopa, sikufichi. Niliporudi nilimkuta Mbano anatoka damu ubavuni, bado anapiga. Nilichana shati lake, nikakandamiza kidonda, nikamwambia machela ipo na anavuka sasa hivi. Akageuka kutazama daraja. Watu bado walikuwa wengi.

"Mngoni atolewe vitani na Mhehe?" akasema. "Nyumbani nitasemaje? Waache wapite kwanza, mke wangu."

Nikabaki naye. Mkono mmoja ulibana kidonda, mwingine ulimsogezea mikanda ya risasi. Alipoanza kulegea nilimtukania ukoo wake wote, nikamwambia Wangoni walikwenda kujificha Songea kwa kuwaogopa bibi zetu. Alicheka. Akapiga tena.

Kisha luteni akapunga mkono. Wa mwisho, mzee mmoja anayesukuma baiskeli, alikuwa amevuka. Waasi nao walikuwa wanarudi mlimani, na hakuna hata mmoja wao aliyeligusa daraja.

Tulishinda. Nalisema hilo kifua mbele. Sisi jeshi la nchi maskini, ambao wakubwa wa dunia walidhani tumefuata posho, tulisimama pale na kijiji kizima kikavuka. Hakuna mtoto aliyebaki nyuma. Kina mama walijipanga barabarani wakapiga vigelegele, wakatuletea ndizi, nami nililia kwa furaha huku nimeloa damu ya mtani wangu. Vigelegele vile alivisikia. Alikata roho kabla helikopta haijatua.

Tulimzika Uyole, siku ya ukungu. Gwaride lilikuwa safi, bendera juu ya jeneza, maofisa wamenyooka. Mama yake alikaa kwenye mkeka bila chozi. Alimuuliza dada yake, sote tukisikia, mwanawe anazikwaje kimyakimya kama mtu asiye na watani.

Mhehe pale nilikuwa mimi peke yangu, na nilikuwa mstarini. Askari hatoki gwarideni bila amri. Nilitoka. Nikashuka kaburini na buti zangu, nikalala chali.

"Pamejaa," nikasema. "Mngoni huyu haingii humu mpaka akiri kwamba babu yake alikimbia."

Luteni alifumba macho. Mama Mbano akainuka mkekani, akaja mpaka ukingoni, akaniinamia.

"Toka humo, wewe mla mbwa," akasema. "Mwanangu hakukimbia."

Akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikawa kilio, na msiba mzima ukalia naye, ndugu, majirani na askari. Luteni akanipa mkono nikatoka, nikajifuta udongo, nikarudi mstarini. Hakuniadhibu.

Sasa nimestaafu, naishi Ipogolo. Medali ninayo, na kile kijiji kuvuka najivunia kuliko medali. Lakini hapa mtaani kila mtu ananiita afande na kunipisha njia, hata Wangoni, na hakuna anayethubutu kunitukana.