Pikapu ya Muhangi na watu wa engozi

Muhangi wa Nyakakika alichukia kitu kimoja tu duniani, engozi. Kama hujawahi kuiona, ni kama kitanda kilichosukwa kwa fito na kamba, kinafungwa kwenye miti miwili mirefu, halafu wanaume wanne wanaiweka begani na mgonjwa ndani, mlima kwa mlima mpaka hospitali ya misheni. Wakichoka wanapokewa na wengine wanaotembea pembeni. Miaka hiyo ya hamsini ndiyo ilikuwa ambulensi yetu Karagwe, hakuna nyingine. Pembe ikilia, kila mwanaume anatoka. Na sheria ilikuwa fupi sana: asiyebeba habebwi.

Sasa Muhangi aliichukia kwa nini? Kwa sababu ya Anatolia, mke wake wa kwanza. Uchungu wa kuzaa ulimshika msimu wa mvua, wakambeba, Muhangi mwenyewe kashika mti wa mbele. Walipofika bondeni wakashusha wapumue. Ndyamukama, mkubwa wa engozi, akainua blanketi, akalirudisha polepole. Akawaonyesha tu kwa mkono waigeuze. Yaani safari ilipogeuka ndipo Muhangi alipojua mke wake amekufa.

Haya yote nimesimuliwa na bibi yangu Kyomugisha, ambaye ni mdogo wake Muhangi. Bibi ukimgusa kwenye hadithi hii hanyamazi, na mimi ndo ninavyopenda.

Basi baada ya msiba Muhangi akaenda zake Kyerwa, kwenye machimbo ya bati, akawa turniboi, yaani utingo wa lori. Huko kulikuwa na pikapu moja imetupwa nyuma ya stoo. Kioo hakuna, tairi zimekwisha, kuku wanatagia kwenye injini. Msimamizi akamwambia lete ng'ombe mmoja, ndiyo bei yake, uliondoe hilo takataka. Muhangi akarudi nyumbani mbio kwa baba yake, mzee Kaijage.

"Tata, naomba ng'ombe mmoja."

"Wa kuoa?"

"Wa gari."

Mzee akasafisha kiko chake. "Hilo gari linakamuliwa?"

"Halikamuliwi, Tata. Lina magurudumu."

"Ng'ombe ana miguu minne na akichechemea anapona mwenyewe." Lakini akampa. Alikuwa amemuona mwanaye siku ile waliporudi na Anatolia.

Gari lilivutwa kwa kamba kutoka Kyerwa, na wavutaji ni wale wale wa engozi, wameahidiwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Walipofika Ndyamukama akajifuta jasho, akasema, "Nimebeba maiti nyingi, lakini hii ndiyo ya kwanza yenye taa." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Muhangi hakucheka.

Akaanza kazi. Vipuri hana, hela hana, ana kichwa na mikono tu. Mkanda wa feni akakata kwenye ngozi ya ng'ombe, akaupaka mafuta mpaka ukalainika. Tairi akazishindilia majani makavu. Kiti akakisuka kwa magamba ya mgomba. Bodi ya nyuma akaitengeneza kwa mbao alizopasua mwenyewe, na ule ubao wa mwisho, unaofunguka kama mlango, aliupiga randa mpaka ukawa laini kama meza ya padri. Bibi anasema alikuwa anaupitishia kiganja akidhani hakuna anayemwona.

Katikati ya hayo akaoa tena, Eustadia wa Nyabiyonza, binti mwenye mdomo kweli kweli. Wenzake wakimuuliza ndoa vipi, anajibu, "Nimeolewa na miguu miwili. Mwili uliobaki uko chini ya gari." Halafu Eustadia akapata mimba. Hapo Muhangi akawa kama mtu anayekimbizwa. Gari liwake kabla mtoto hajafika, basi. Hakuwa na neno lingine.

Pembe ikaanza kulia, Muhangi hatoki. Mara ya kwanza wakasema labda hakusikia. Mara nyingine wakatuma mtu. Mwisho Ndyamukama akaja mwenyewe, akasimama karibu na ile miguu miwili.

"Muhangi. Mama yake Methodius anaumwa. Bega lako liko wapi?"

"Liko huku chini."

"Toka tuongee kiume."

Akatoka, ana grisi mpaka kwenye kope. Akasema, "Mzee, gari hili likiwaka nitawabeba wote. Engozi yenu mtalazia kuku. Ile ni jeneza linalotembea."

"Sisi ndiyo tulimbeba mke wako."

"Ndiyo. Na mkanirudishia nini?"

Ndyamukama akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile pembe ikilia hakuna aliyetumwa kwa Muhangi.

Mzee Kaijage akamwambia nenda kaombe radhi, peleka rubisi. Akajibu, "Nitapeleka kwa gari, Tata."

Injini ikawaka. Kilichobaki ni breki. Ya mkono ilikuwa imekatika waya zamani, hiyo akaiacha. Ya mguu inasukumwa na mafuta kwenye vibomba, na vibomba vilikuwa vikavu. Mafuta yenyewe yanauzwa mjini kwa Mhindi, mbali, na ng'ombe wa kuuza hayupo tena. Akawaza: kule machimboni alimuona dereva akimimina mafuta ya manjano kwenye breki. Ya manjano, mepesi, yanateleza. Akaenda kwa mama yake, Kyomukama.

"Mawe, mama yangu, nipe samli."

"Ya kula?"

"Ya gari."

"Lile jitu lako linakula kuliko sisi!" Lakini akampa, samli nzuri, ya maziwa yaliyosukwa kwenye kisabo, kile kibuyu cha nyumbani. Alidhani ni ya kupaka magurudumu yasilie, maana alishampa ya hivyo kabla. Muhangi akaiyeyusha motoni, akaimimina kwenye vibomba, akafunga. Akakanyaga. Breki ikashika.

Wakalijaribu mchana, jua kali, kijiji kizima nje. Likapanda, likashuka, likasimama mbele ya kanisa kama limeamriwa. Bibi kizee mmoja akalipigia goti, "Shikamoo gari." Eustadia na tumbo lake kubwa akaitikia kwa niaba ya gari, "Marahaba, mjukuu wangu!" Jamani, Bibi yangu akifika hapa anacheka mpaka anakohoa. Halafu anashika kitambaa. Yaliyobaki anayasema anaangalia pembeni.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa sita. Unajua kiangazi cha huku, mchana unaungua, asubuhi ukungu na baridi ya kukata vidole. Jogoo wa kwanza alipowika Eustadia akashikwa na uchungu. Muhangi akatandika majani ya migomba na mkeka nyuma, akampandisha, na mama yake Kyomukama akapanda kumshika. Injini ikamwagiwa maji ya moto, ikapigwa hendeli, ikawaka.

"Twende, mume wangu," Eustadia akasema, "leo ndiyo nikujue uso."

Wakaondoka. Nyumbani mpaka ukingoni ni tambarare, hakuhitaji breki. Kisha mteremko ukaanza, ule wa kwenda bondeni, njia ile ile ya Anatolia. Muhangi akakanyaga. Mguu haukuzama. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, akajiinua mpaka kichwa kikagonga paa. Jiwe. Gari likashika kasi, mama yake anapiga kelele nyuma, yeye akakata usukani kuingia kwenye shamba la migomba. Migomba ikaanguka, ikaanguka, halafu kichuguu.

Kulipotulia Muhangi mguu umevunjika chini ya goti. Kyomukama katupwa kwenye majani, mzima, kachubuka tu. Eustadia alikuwa bado ndani ya bodi, ameubana ule ubao wa mwisho kwa mikono miwili, damu inatoka, na hatukani wala hatanii.

Kyomukama hakujua aanzie wapi. Akaona vibomba vimekatika chini ya gurudumu na kitu cheupe kimechomoza. Akakigusa kwa kidole. Kigumu. Akanusa.

"Muhangi. Hii ni samli yangu?"

"Ndiyo, Mawe."

"Samli asubuhi inalala, inaganda kwa baridi, mwanangu. Kila mwanamke huku anajua, tunaichimba kwa kijiti. Mbona hukuniambia inaenda wapi?"

Muhangi akaanza kujivuta kwa viwiko kuelekea kwa Eustadia.

Na hapo juu kwenye ukungu, pembe ikalia. Mtu alikuwa amesikia gari linavyoshuka. Wakaja mbio na engozi, Ndyamukama mbele. Muhangi alipowaona akaanza kusema, "Mzee, mimi sikubeba, lakini yeye..."

"Hujaulizwa," Ndyamukama akasema. Akamlaza Eustadia mwenyewe, wakainua, wakaenda. Engozi ilikuwa moja tu. Kwa Muhangi waling'oa ule ubao wa mwisho wa pikapu, wakamfunga juu yake, wakambeba nyuma. Mtu aliyeapa mke wake hatapita tena kwenye bonde lile begani mwa watu, sasa alipita yeye mwenyewe amebebwa, anamwona mbele yake, anayumba, na safari hii anasubiri kuona kama itageuka.

Haikugeuka. Eustadia alifika akiwa hai, akapona. Mtoto alitoka amekufa. Wa kiume.

Hospitalini wakawapa kitambaa, jeneza hawana. Muhangi akaomba msumeno, akakaa chini na mguu umefungwa vijiti, akaukata ule ubao. Ulitosha, ukabaki. Eustadia alikuwa anamwangalia kutoka mlangoni. Akasema neno moja tu, "Upige randa," na ulikuwa umeshapigwa.

Mguu uliunga vibaya. Alipopona akaenda kwa Ndyamukama na rubisi kichwani, anachechemea. Akasema anataka kubeba. Wakamjaribu na engozi tupu: kila hatua yake inalala upande mmoja. Ndyamukama akaitua.

"Bega lako litamwaga watu. Suka."

Basi akasuka. Mifupa ya pikapu ilibaki pale shambani, migomba ikaota katikati yake, hakuwahi kuigusa tena. Engozi zote za Nyakakika alizisuka yeye, na ndiyo hizo hizo zilimbeba Eustadia kwenye mimba zilizofuata. Akimaliza moja hakubali ijaribiwe wala iondoke mchana. Anaingoja asubuhi, baridi ikiwa kali na kamba zimekakamaa kwa umande. Anaingia ndani yake, anajilaza kwenye ukungu, anavuta kila fundo moja moja.