Kisima Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mama alizaliwa na kuzeekea kijijini kwetu, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini, na lugha yake ilikuwa Kimakonde. Kiswahili alikijua cha sokoni tu: salamu, bei, na maneno ya kumfukuza mnunuzi anayepunja mizani. Akija bwana shamba, au akienda zahanati, kaka yangu mkubwa alikaa kati akaeleza huku na huku. Baba alipofariki, ni kaka huyo huyo aliyebangua korosho za watu ili mimi nimalize masomo ya ualimu. Kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba neno linaweza kuingia sikioni mwake likiwa moja na kutoka mdomoni mwake likiwa jingine.

Miaka ile ya elfu mbili gesi ilikuwa imeanza kuchimbwa pwani yetu, na wageni wa kila aina walipita na magari yao. Kundi moja lilikuwa na haja tofauti: lilitafuta mahali pa kuhifadhi gesi. Mhandisi wao, mwanamke mmoja wa makamo kutoka Bara, alinieleza baadaye kwamba gesi inayozidi mahitaji inaweza kurudishwa chini kabisa ya ardhi, kwenye mwamba wenye vitundu kama mkate wa kumimina, mradi juu yake pawe na tabaka gumu la kuizuia isipande. Walidhani mwamba wa namna hiyo upo chini ya shamba la mama. Wakaomba kuchimba kisima cha majaribio.

Mhandisi alisema "kisima". Kaka, ambaye alikuwa amepata kibarua cha ukalimani kwao, alimwambia mama "kisima". Kisha akaongeza kwa Kimakonde kwamba kikikamilika, kijiji kizima kitateka maji hapo.

Maji yetu yalikuwa ya chumvi. Ukichemshia kunde haziivi, ukifulia sabuni haitoi povu. Maji matamu yalikuwa mbali, bondeni, na wanawake waliyafuata kila alfajiri. Mama alikubali papo hapo. Akaruhusu ikatwe mikorosho ya nyuma ya nyumba, iliyokuwa ikizaa kuliko yote, aliyoipanda kwa mkono wake kabla hajapata mtoto.

Mimi nilikuwa nikifundisha mjini na kuishi huko huko, mtaa wa Likombe. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anawapikia wachimbaji mihogo na samaki.

"Mama, hawa wana mpishi wao," nilimwambia.

"Watu wanatutafutia maji," alisema, "halafu niwaache wale wali mkavu wa mpishi?"

Jumamosi moja nilikuta mtambo wa kuchimbia umezimwa. Mama, akidhani kazi imekwisha, alikuwa amekwisha kuwaita majirani, nao walikuja na ndoo zilizosuguliwa zikang'aa. Kaka alikuwa ametumwa bandarini kupokea vifaa. Mama akanishika mkono, tukamfuata mhandisi chini ya turubai lake.

"Muulize maji yataanza kutoka lini."

Nikauliza.

"Maji gani?" mhandisi alisema.

"Ya kisima hiki."

Aliziangalia zile ndoo, kisha akaniangalia mimi. "Mwalimu, hapa tunapima mwamba wa kuhifadhi gesi. Nilieleza yote, na kaka yako akamfafanulia mama mbele yangu."

"Alimfafanulia vipi?"

Mhandisi alitikisa kichwa. Kimakonde alikuwa hakijui.

Ikabidi nimgeukie mama na kumwambia. Nilitafuta maneno laini nikayakosa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu alijua?"

"Alijua, mama."

Wanawake waliondoka na ndoo zao. Hakuna aliyemsema. Jirani mmoja alimbebea ndoo yake hadi mlangoni, na nadhani huruma hiyo ilimwumiza mama kuliko matusi.

Kaka aliporudi nilimngojea barabarani, kabla hajafika nyumbani.

"Kwa nini?" nilimwuliza.

"Ningemwambia ni gesi angekataa. Wangekwenda kwenye shamba la mtu mwingine, wakachukua na mkalimani mwingine."

"Angekataa, ndiyo. Shamba ni lake."

"Nilijua baadaye watachimba na cha maji. Kampuni husaidia vijiji."

"Walikuahidi?"

Niliitazama mikono yake, yenye makovu ya mafuta ya maganda ya korosho ya miaka ile niliyokuwa nasoma, nikashindwa kumtukana. Hilo liliniuma zaidi. Angekuwa mtu baki ningejua la kumwambia.

Mwamba wenyewe haukufaa. Tabaka la juu lilikuwa na nyufa, gesi ingepenya. Wakakiziba kisima kwa saruji wakaondoka. Mhandisi alituahidi kutuombea kisima cha maji kwa wakubwa wake. Labda aliomba, lakini hakuna aliyekuja. Kaka waliondoka naye, wakampa kazi ya kudumu mkoa mwingine. Alimtumia mama godoro na vitenge, na mama alivipokea.

Miaka michache baadaye kaka alikuja kusherehekea Idi nyumbani, nami nilikuwepo. Asubuhi moja alifika afisa wa ardhi kuuliza mipaka ya shamba. Kaka akavuta kigoda, akaanza kutafsiri kama zamani. Mama akainua kiganja.

"Wewe nyamaza," alimwambia kwa Kimakonde. Kisha akamgeukia afisa kwa Kiswahili chake. "Mimi nasema mwenyewe. Wewe uliza polepole."

Ilichukua muda mrefu. Alikwama, akaonyesha kwa mikono, akarudia. Nilipotaka kumsaidia alinikata kwa jicho. Afisa alikuwa mvumilivu, akaandika alichoelewa na kuuliza tena asichoelewa. Kaka alikaa pale pale kwenye kigoda, ameinamisha kichwa.

Afisa alipoondoka, mama aliingia jikoni akatoka na sinia. Alimwekea kaka chakula, akachukua birika, akamnawisha mikono kama anavyonawishwa mgeni. Kaka alisema ahsante. Alikula hadi akamaliza.