Ukuta wa Mianzi Kwenye Ukurasa wa Nane

Siku ya kwanza nilipoitwa kazini kama mwandishi wa vitabu vya picha, Mhariri Mkuu alinipa mkasi. Hadithi yangu ilikuwa na maneno mengi mno. "Kata," aliniambia. "Mchoraji akionyesha mvua, wewe usiseme inanyesha." Nilikata mpaka adhuhuri. Nilidhani kazi ya mwandishi ni kuandika.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wachapishaji binafsi wakichipuka na kutafuta waandishi hata huku Kyela. Shule sikuwa nayo kubwa. Nilijifunza kwa kuchambua vitabu vya wenzangu, ukurasa kwa ukurasa. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam, mimi nikabaki kijijini kwetu Ndandalo na kutuma miswada kwa basi. Kila mswada niliuambatanisha na picha za rejea, yaani picha za kamera za watu na vitu halisi, ili mchoraji asiyewahi kuona nyumba zetu asichore za kwao.

Kitabu changu cha tatu kilihusu mavuno ya mpunga. Majirani walikubali kupigwa picha: Mzee Asajile kwenye kiti chake nje, na mke wa mwanawe, Mama Neema, jikoni na chungu cha wafinyanzi wa Ikombe. Kila mmoja nilimpiga kwa wakati wake, maana katika nyumba ile mkamwana haonani na baba mkwe wake, wala hamtaji jina. Ndiyo heshima yenyewe. Kuivunja ni aibu ya ukoo mzima.

Nakala zilitumwa moja kwa moja shuleni. Siku ya wazazi Mwalimu Mkuu alifungua boksi, akanipa moja nisome. Vitabu hivi husomwa vikiwaelekea watoto; msomaji huchungulia maneno kwa juu tu. Nikasoma vizuri mpaka ukurasa wa nane.

"Huyo si Mama Neema?" mtoto mmoja akapaza sauti. "Mbona yuko na babu?"

Wanawake wakaziba midomo. Nikageuza kitabu nione picha. Mama Neema, sura yake ileile, amepiga magoti mbele ya Mzee Asajile, anamnyooshea sahani ya wali. Wanatazamana usoni. Wanatabasamu!

Mama Neema mwenyewe alikuwa ameketi nyuma. Alijifunika kanga kichwani akatoka, na kabla ya jioni alikuwa amemchukua binti yake Neema kwenda kwa wazazi wake, kijiji cha Ngonga. Aliacha neno moja kwa jirani: "Watoto wa shule nzima wameniona. Nitarudije pale?"

Nikakimbilia posta kupiga simu. Meneja Uzalishaji wa ofisi alishangaa kunisikia nashangaa. "Karatasi imepanda, bwana. Kitabu tumekishusha kiwe kurasa kumi na sita, karatasi moja kubwa ya mtambo iliyokunjwa mara tatu. Kwa hiyo ukurasa wa babu na ule wa mama tumeziunganisha. Haijapendeza? Familia yenye upendo!"

Kosa ambalo kwetu limevunja nyumba, yeye alilihesabu kuwa pambo.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Asajile. Alikishika kitabu kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto.

"Mwalimu," alisema, maana wengi huniita hivyo ingawa sijawahi kufundisha, "nitoe humu."

"Tata," nikasema, yaani baba, "kurasa zimebanwa kwa pini katikati. Nikichana huu, mwenzake wa upande wa pili unadondoka, na hadithi haitafika mwisho."

"Basi kitabu chako kina mwisho, na nyumba yangu haina mkamwana."

Mkewe, Bibi Tusekile, alikuwa akipepeta mpunga. Akauweka ungo chini. "Ninyi wanaume mtaongea mpaka mpunga uote. Mwalimu, unaweza kuchora?"

"Kidogo, Bibi."

"Kati ya jiko langu na kiti cha huyu mzee kuna nini?"

"Ukuta."

"Na chakula chake hupelekwa na nani?"

"Neema."

"Sasa unangoja fundi kutoka Mbeya?"

Nilikaa na wino mweusi na nakala zote za shule, nikijenga ukuta wa mianzi katikati ya ukurasa wa nane. Mlangoni nikamweka mtoto, sahani mkononi. Mzee alikagua ya kwanza kwa makini. "Bana mianzi," akaamuru. "Hapa pana ufa." Nikabana.

Bibi Tusekile akaipeleka nakala hiyo Ngonga mwenyewe. Aliniambia baadaye kuwa Mama Neema aliitazama muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Baba ameuona huu ukuta?"

"Amekuta ufa akauzibisha," Bibi akamjibu. Mama Neema akaanza kufunga mzigo.

Sasa nimestaafu, macho hayataki tena herufi ndogo. Waandishi vijana hunitembelea na kuniuliza kitabu cha picha ni cha nani, cha mwandishi au cha mchoraji. Bado nashtuka nikiusikia mjadala huo, kana kwamba waliochorwa hawapo. Huwasimulia asubuhi aliyorudi Mama Neema. Mzee Asajile alisikia sauti yake barabarani. Akainuka, akabeba kiti chake, akazunguka nyuma ya nyumba, ua ukabaki wazi ili mkamwana apite.