Nilimkuta Amechutama Kwenye Majani Yangu

Ninalisimulia hili nikiwa bado naona haya. Kazi yangu ni kutunza uwanja wa golfu wa wanachama hapa Bunia. Kwa miezi miwili nilipanda majani mapya kuzunguka shimo la mwisho, nikayabembeleza kwa maji asubuhi na jioni. Adui zangu walikuwa wapita njia wa Bigo, mtaa wa jirani. Walikatisha uwanjani, na aliyebanwa na haja alichutama papo hapo, nyuma ya kilima kidogo.

Jumamosi iliyopita nikaona muzee amechutama juu ya majani yangu, amenipa mgongo, kichwa ameinamisha, hasogei. Nikavuta tiyo, bomba refu la kumwagilia maji, mpaka karibu naye.

"Papa, hapa si choo," nikamwambia kwa sauti ya mkubwa wa kazi. "Vaa pantalo yako, uende."

Hakugeuka. "Pantalo iko mwilini. Ngoja kwanza, niko naangalia mupira utapitia wapi."

Nikaona ni visingizio vya mtu aliyekamatwa. Nikafungua maji.

Aliinuka ameloa, fimbo ya golfu mkononi. Wanachama wanne wakatokea nyuma ya kilima, na mmoja akasema taratibu, "Pole, Prezida."

Prezida wa klabu alikuwa Kinshasa tangu niajiriwe, sikuwahi kumwona. Akavua miwani, akaipangusa.

"Walinisifia sana Dieudonné, mwenye anachunga haya majani," akasema. "Iko wapi?"

"Ameenda kunywa chai," nikajibu.

Akavaa miwani yake, akanisogelea, akasoma polepole jina lililoshonwa kwenye kifua cha ovaroli yangu.