Njia ya Uani kwa Jirani

Nsemulwa yetu ilipokuwa mashamba, hatukuwa na barabara. Ulipita uani kwa mtu yeyote, ukasalimia, ukaulizwa habari za nyumbani, ukaendelea na safari. Salamu ndiyo ilikuwa njia. Mimi nimezaliwa hapa na sijahama. Mji ndio umenifuata nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu.

Wapima viwanja walipokuja, watu walitoka kuwaonyesha wanapopita, njia zao zikachorwa kwenye ramani. Mimi nilibaki ndani, jua lilikuwa kali. Isitoshe, siku zote nilipita kwa jirani. Nani angenizuia?

Mwaka huu jirani huyo, Msukuma aliyekuja na ng'ombe na sasa amebaki na matofali, ameanza kujenga ukuta. Pande nyingine tatu zote ni viwanja vya watu, vimeshazibwa. Nikamfuata, nikamwambia ananifungia ndani.

"Mtani, kwani wewe unatokaga lini?" akauliza. "Juzi nilidhani umesafiri."

"Natoka kununua chumvi."

"Chumvi tutakurushia."

Mafundi wakacheka. Nami nikacheka kidogo, maana hakukosea sana.

Mwishowe aliacha upenyo wa mtu mmoja, akautia kigeti, komeo likawa upande wake. Sasa nikitaka kwenda dukani mtaa wa Majengo, napiga hodi ili nitoke kwangu. Mkewe ananifungulia, ananisalimia, ananiuliza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine. Nimechoka kujibu, ila najibu zote vizuri, maana jioni nitarudi.